Malalamiko ya Fundi Suti Kuhusu Kutekwa kwa Cherehani Yake

Kwa Dada Mkubwa,
Mkunga Mstaafu na Shangazi wa Watoto Wangu.

Dada uheshimiwaye,

YAH: SODO ZA KITAMBAA, NA OMBI LA KURUDISHIWA CHUMBA CHANGU CHA MBELE

Shikamoo Dada. Natumaini magoti yako yametulia na kwamba shemeji ameacha kuficha vidonge vyake chini ya mto. Sisi huku ni wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi yenye mistari nikuandikie kirasmi, kwa kuwa nikikupigia simu utacheka, na ukishaanza kucheka mimi huwa nasahau nilichotaka kusema.

Utakumbuka ulipotutembelea likizo iliyopita. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mgeni alikuja, Dada, na mwenyeji mpaka leo hajapona. Ulimkalisha wifi yako na mwanao, huyu binti yangu, kwenye mkeka, ukawaonyesha kukata kitambaa, kukipanga tabaka juu ya tabaka, kukizungushia mshono na kukitia kifungo cha kubonyeza. Ulipoondoka ulijua umeacha elimu. Mimi uliniachia kiwanda. Chumba changu cha mbele, ambacho miaka yote kimeshona suti za wanaume na si kingine, sasa kinashona sodo za kitambaa. Nimeliandika neno lenyewe, na kama unavyoona kalamu haikuvunjika, ila jasho limenitoka.

Naomba nieleweke. Mimi siwapingi wanawake. Mama yetu alikuwa mwanamke, wewe ni mwanamke, na hata mke nilimtafuta katika kundi hilohilo. Ninachopinga ni haya yafuatayo, ambayo nimeyapa namba ili usiyaruke kama unavyoruka ushauri wangu.

1. Mali zangu zinaliwa. Uliwaambia watumie flaneli au taulo laini kwa ajili ya kunyonya, na kwa upande wa chini kitambaa kisichopitisha maji. Hukuwaambia wavitoe wapi. Taulo langu la kuogea limekatwa katikati, na sasa najifuta mbele tu, mgongo unajikaukia wenyewe kwa neema za Mungu. Suruali yangu ya kulalia, ile ya flaneli yenye mistari, niliiona mara ya mwisho ikiwa imegawanywa vipande vyenye umbo la mtumbwi. Mwavuli wangu umebaki mbavu. Niliufungua siku ya manyunyu mbele ya mlango wa benki, watu wote wakaniangalia, nami nikaendelea kuushika kichwani kwa sababu sikujua nifanye nini tena. Nilipouliza nyumbani, wifi yako alinijibu kwa upole, "Baba watoto, wewe ukilowa unakauka. Kuna wenzako wakilowa wanafungiwa ndani siku nne." Jibu hilo nalo naliweka katika malalamiko.

2. Baraza langu limevunjika. Unalijua benchi la pale dirishani. Hapo ndipo Kinyozi wa chumba cha pili, Mwashi na wenzao walikaa kila siku kuipanga upya timu ya taifa wakati mimi napiga pasi. Sasa benchi lina vikapu. Siku moja Kinyozi alikaa juu ya kikapu kimojawapo, akasifu jinsi kilivyo laini, akauliza ni mito ya nini. Mwanao, bila hata kuinua uso kwenye cherehani, akamweleza. Akamweleza yote, Dada, tangu tabaka la juu mpaka jinsi ya kuloweka kwa maji baridi. Kinyozi aliondoka akiwa ameacha kofia yake na hakurudi wiki nzima. Aliporudi hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka uani, akanivuta shati, akaninong'oneza, "Fundi, mama watoto anaulizia ule mzigo." Siku hizi Mwashi naye anapitia hukohuko. Wanaume wazima wanapanga foleni nyuma ya jiko langu kama wanaouza magendo, na hakuna hata mmoja anayeniulizia bei ya suti.

3. Kamba ya nguo. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Uliagiza kwamba sodo zikifuliwa zianikwe juani hasa, si chini ya godoro, si nyuma ya kabati, si chini ya kanga. Mimi ni mtu wa kujadiliana. Niliomba zifunikwe angalau kwa shuka jepesi, maana kamba yetu inatazama barabara na wateja wangu ni watu wenye heshima zao. Mwanao akanijibu, "Baba, jua halipiti kwenye shuka. Shangazi amesema." Katika nyumba hii, Dada, hakuna sheria tena isipokuwa Shangazi amesema. Sasa sodo ziko juani na makoti yangu yako kivulini. Mabaya zaidi, majirani wameiga. Wanawake wa mtaa mzima, waliokuwa wakificha vitambaa vyao kana kwamba wameviiba, wameanza kuvianika hadharani, na wakipita wanasalimiana kwa sauti. Nimemsikia bibi mmoja mwenye umri wa kuitwa bibi na mimi mwenyewe akisema laiti angeyajua haya alipokuwa msichana. Halafu akalia, akacheka, akaagiza sita za mjukuu wake. Nani anaweza kushona koti kwa utulivu katika mazingira hayo?

4. Mwanao haumwi tena. Hili litakushangaza, lakini nakuomba unisikilize hadi mwisho. Zamani binti huyu kila mwezi alikuwa na siku zake za kuumwa kichwa. Alibaki nyumbani, amejikunyata, hataki kutoka, nami nikapata wa kunishonea vifungo. Nilikuwa napangilia kazi zangu kwa kichwa chake. Sasa nimeelezwa kwamba kilichokuwa kinauma hakikuwa kichwa, na kwamba tatizo lenyewe lilimalizwa na vipande vya suruali yangu. Matokeo yake anakwenda shule siku zote ambazo shule ipo. Amekuwa wa tatu darasani. Amejua sehemu na desimali, na juzi alisimama nyuma yangu wakati nampima mteja, akaniambia mbele ya mteja huyo kwamba nusu ya kiuno niliyoitamka si nusu. Alikuwa sahihi. Vifungo najishonea mwenyewe.

5. Mabega ya bwana harusi. Nilitaka kulificha hili, lakini nasikia umeshalisikia kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo nakupa habari kamili kutoka kwa mhusika.

Mwalimu wa hesabu wa mwanao alikuwa anaoa, akanipa kazi ya koti jeusi. Unajua koti la harusi linakaa kwa mabega, na mabega yanakaa kwa sponji, na sponji zangu nazitunza katika boksi lililo chini ya meza. Wifi yako, ambaye ameshajaza vikapu vyote, alikuwa ameweka kazi yake iliyokamilika ndani ya boksi hilohilo, na kazi hiyo aliivisha mabaki ya bitana yangu nyeusi ili madoa yasionekane. Jioni ile umeme ulikatika na koti lilikuwa linatakiwa. Nikaingiza mkono, nikatoa mbili. Nilizipapasa nikaona ni laini kuliko kawaida. Nikaona pia zina masikio mawili pembeni, yenye kifungo. Nikajua mwanao amebuni namna mpya ya kushikiza sponji isihame, nikamsifu moyoni. Nikayakunja masikio kuuzunguka mshono wa bega, nikabonyeza kifungo, zikatulia kana kwamba zilizaliwa pale.

Dada, sijawahi kushona mabega kama yale. Bwana harusi aliingia ukumbini, watu wakasimama kumtazama. Mvua ilikuwa imempiga njiani na wasimamizi wake walikuwa wamelowa chapachapa, lakini mabega yake yalikuwa yameinywa mvua yote na hayakulegea. Nilikaa mstari wa pili nimeinua kidevu. Ndipo wifi yako alipoyakazia macho yale mabega, akanitazama, akayatazama tena, akaziba mdomo kwa mtandio na kutoka nje. Nilidhani ameguswa na sherehe.

Ukweli niliupata wakati wa kucheza. Bibi harusi aliweka mkono begani kwa mumewe. Bibi harusi huyo, nakujulisha, ni mteja wa wifi yako. Vidole vyake vikabonyeza mara moja, vikabonyeza mara ya pili, vikakipata kifungo. Akageuza shingo polepole akanitafuta ukumbi mzima mpaka akaniona. Kisha bwana harusi akainua mikono juu kwa furaha, vifungo vikafyatuka, ta! ta!, na bega la kushoto likatoa sikio.

Usifikiri yaliishia hapo. Nilikwenda kesho yake kuomba radhi na kubadilisha, mwalimu akakataa katakata. Alisema ameshajua ni nini, mkewe amemweleza, na tangu azaliwe hajawahi kuwa na mabega. Sasa watu wanakuja wakitaka koti lenye "mabega ya mwalimu". Nimelazimika kumwomba wifi yako aniuzie jozi chache. Amekataa! Amesema, "Zile zina wenyewe, na wenyewe wana haraka kuliko mabega yenu." Yaani nimenyang'anywa chumba, cherehani, benchi na suruali, na bado sipewi hata bidhaa inayotengenezwa kwa suruali yangu.

Kwa hoja hizo, Dada, ambazo naamini hakuna mwenye akili timamu atakayezipinga, naomba yafuatayo. Umpigie simu wifi yako, umwamuru kwa mamlaka ya uwifi aondoe vikapu vyake kabla ya mwisho wa mwezi, cherehani ibaki yangu peke yangu, na chumba kirudi kuwa chumba cha suti. Hatanisikiliza mimi, hilo limeshathibitika. Wewe ukisema neno moja ataacha siku hiyohiyo, na mwanao ataacha, na kamba itakuwa ya makoti. Pia utangaze kwamba umefanya utafiti mpya na kugundua kuwa kivuli nacho kinakausha vizuri. Na ikiwa hayo yote ni magumu, basi angalau umshauri anitengee jozi kumi za mabega kwa mwezi.

Nakuomba usichelewe. Jina la fundi hujengwa kwa sindano na hubomoka kwa uvumi, na mimi nimebakiwa na jina tu.

Msalimie sana shemeji na umwambie koti lake la kahawia liko tayari na ndani ya mabega yake mna sponji, nimelikagua mwenyewe kwa macho. Wasalimie watoto wote, waliooa na wanaosita. Msalimie jirani yako yule asiyependa kusalimiwa. Kinyozi anakusalimu, akitokea uani. Wifi yako na mwanao wanakusalimu pia, hawajui naandika nini, wanadhani napiga hesabu ya bitana.

Naomba kuishia hapa, nikiwa na masikitiko mengi na taulo nusu.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Fundi Suti.

NYONGEZA: Dada, nilikuwa naelekea posta na barua hii asubuhi ya leo, ila kabla sijafunga mlango akatokea msichana amevaa sare za shule. Jua lilikuwa kali na yeye amejifunga sweta kiunoni. Akaniuliza, "Shikamoo, mama yupo?" Nikamwambia kaenda sokoni kutafuta flaneli. "Na dada?" Nikamwambia ameshakwenda shule. Akasema, "Basi, haidhuru," akageuka, na hakugeukia upande wa shule. Aligeukia upande wa kurudi kwao.

Nikamwita. Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja kidogo." Vikapu vilikuwa vitupu, kila kitu kimechukuliwa jana. Chini ya sindano kulikuwa na moja iliyokatwa, haijafungwa mshono. Nikakaa. Nimeshona suti za mawakili na za mabwana harusi, Dada, lakini sijawahi kushona kwa haraka kama ile. Nikazungusha mshono, nikarudia mara ya pili, nikatia kifungo, nikakijaribu. Nikaifunga kwenye karatasi kama ninavyofunga suruali ya mteja, nikaiweka juu ya benchi. Nikamwonyesha mlango wa bafu letu, kisha nikageukia ukuta nikaanza kuupima kwa tepu, kwa sababu sikujua mwanamume anatakiwa aangalie wapi. Nimeupima ukuta ule urefu na upana. Nilipomsikia anasema, "Asante, baba," niliviringisha tepu. Nikatoka kizingitini kumwangalia. Alikuwa anakimbia, Dada, anakimbilia shule.

Kwa hiyo simu usipige. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa nimechoka kuiandika, lakini usipige, tafadhali, hata kwa utani. Mkeka nimeutandika na nimeshakata nyingine tano, maana huwezi kujua nani atapita. Nijibu hili tu, na unijibu haraka, kwa bahasha yenye jina langu peke yangu, maana wifi yako naona haya kumuuliza: lile tabaka la katikati ni moja au mawili?