Binamu Asiyekuwemo Kitabuni

Jumanne, 6 Agosti
Klabu ya vitabu. Riwaya mpya: fundi wa piano kauawa ndani ya hoteli iliyofungwa kwa majira ya baridi. Mimi huwa sisomi. Nakwenda tu kwa ajili ya Doña Nélida, mjane, mmiminaji wetu wa yerba, ile chai chungu ya majani tunayopokezana katika kibuyu kimoja. Leo kaninong'oneza: macho yameingia ukungu, herufi hazioni, atajitoa kimya kimya. Nikajitolea kumsomea kila alasiri. Moyo wangu! Miaka sitini na minane, na bado unarukaruka kama ndama.

Ijumaa, 9 Agosti
Kitabu kitamu! Sikutegemea. Mke wa marehemu anaifunika piano kwa koti lake isipate baridi. Tukanyamaza sote wawili. Nimekipenda kitabu, nimeupenda na ukimya ule. Tatizo: kurasa mia mbili tu. Zikiisha, nitakwenda kwake kwa kisingizio gani?

Jumatatu, 12 Agosti
Dawa imepatikana! Nimemtungia yule marehemu wa kitabuni binamu, mtu wa mji wa Paysandú, ili hadithi irefuke. Ana masharubu, ana chupa ya sumu ya panya. Namsoma huku nimeukodolea macho ukurasa, sipepesi. Nélida kasema, "Huyo binamu simwamini hata chembe." Fahari iliyoje!

Jumanne, 20 Agosti
Njia ya mwongo ni fupi. Leo klabuni Wilmar, mfamasia mstaafu na mjuaji wa kila kitu, kasema muuaji ni mwenye hoteli. Nélida kakataa katakata: ni binamu! Wilmar kacheka hadi kukohoa. "Binamu yupi, mama? Umesoma kitabu gani wewe?" Uso wa Nélida ukaiva. Nikadai toleo letu ni refu zaidi. Hakuna aliyeamini.

Ndipo Nélida akaanza kumimina. Kibuyu cha kwanza, kichungu, kimejaa vumbi la majani, hukinywa mmiminaji mwenyewe. Leo kanipa mimi, mbele ya watu. Kisha kikazunguka, na kila kilipofika kwangu kikanipita.

Jumatano, 21 Agosti
Nimekwenda na keki kuomba radhi. Nikasema kweli: niliogopa kitabu kitaisha na alasiri zetu nazo zitaisha. Kasema nimemfedhehesha mbele ya yule kasuku wa dawa. Kakata keki, kala kipande kizima. Mwishowe: "Haya, soma. Kilichoandikwa tu, mzee!"

Tukamaliza. Muuaji hatajwi waziwazi. Mke anafungua piano, anapiga noti moja, basi. Nililia. Naye pia. Nikaapa sitamdanganya tena maisha yangu yote. Akanimiminia kibuyu kizuri, cha moto, akasema Jumatatu anapasuliwa macho. Kitabu kijacho atajisomea.

Ijumaa, 30 Agosti
Upasuaji umefaulu! Nélida anasoma hadi maandishi ya pakiti ya yerba, kwa sauti, anacheka peke yake. Nimefurahi kweli, kwa moyo wote. Nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni, alasiri ikawa ndefu ajabu.

Saa kumi na moja nikampigia simu. Nimemwambia macho yangu nayo yameingia ukungu, herufi sizioni kabisa. Maskini, kashtuka sana. Kesho anaanza kunisomea.