Mama Honorine na Kilio Kilichokula Mega

Kaeni kitako, enyi wa Manika na Dilala, enyi wa Kasulo mnaolala juu ya mashimo ya madini ya majirani zenu, nanyi wa Lubudi mnaongojea treni ambayo tangu juzi inasemwa iko njiani. Wekeni simu zenu chini, tena zigeuzeni kifudifudi msije mkachungulia, kwa maana habari niletayo ni nzito kuliko gunia la kobalti lililolowa mvua. Hakuna mwingine aliyeiandika, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa karibu na ukuta. Mimi nilikuwa karibu na ukuta, naanika nguo, na nguo zangu siku ile zilikuwa nyingi. Wako wanaosema nilikuwa nasikiliza mambo ya watu. Sikusikiliza; nilisikia tu, kwani masikio hayana mlango.

Nanyi mlio juu ya minara ya mtandao, mnaowasha na kuzima taa nyekundu pale mpendapo, nishikeni mkono nisiseme uongo zaidi ya ule unaotosha.

Alikuwako katika Kasulo mwanamke mmoja, jina lake Honorine, mjane wa Mukalay, Malkia wa Bitoyo, Bibi wa Samaki wa Chumvi, ambaye harufu yake hufika sokoni kabla yake na huondoka baada yake; mwanamke aliyewahi kubishana na polisi wa barabara kuu mpaka polisi akanunua samaki wanne na kuomba radhi. Mwanawe wa pekee, Gael, alikwenda kufanya kazi katika mgodi wa manganizi wa Kisenge, akaoa huko Abigaëlle, binti wa Tata Nawej, na Mungu akawajalia mtoto mwanamume. Mama Honorine alitaka mtoto huyo aitwe Mukalay. Mumewe alikuwa amelala kaburini miaka tisa, na miaka tisa jina hilo halikuitwa katika uwanja wake, maana hakukuwa na wa kuitika. Alitamani kuliita tena. Hilo nalisema bila mapambo.

Lakini Tata Nawej naye, Mlunda wa Musumba, mzee wa suti moja na maneno elfu, alikuwa na jina lake mfukoni, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya Kisenge, na hakuna gari lililothubutu, hivyo Mama Honorine akalituma jina lake kwa ujumbe wa sauti. Nawej akamjibu kwa sauti iliyotulia:

"Mukwe wangu Honorine, jina haina mufuko ya bunga ya kutuma na camion. Jina inatoka mu kinywa, bantu banasikia, na banaona uso ya ule anasema. Sauti bila uso, nitajua je kama ni weye? Nakupa siku tatu za Mungu, Jumapili tatu, kila moya saa kumi, unipigie na video. Kama ya tatu inapita na hatukuone, mutoto ataitwa Nawej, na mi nitachinja mbuzi siku ile ile, juu mbuzi iko tayari."

Jumapili ya kwanza Mama Honorine alinunua giga nzima ya mega, yaani bando la mtandao, akajipaka mafuta, akavaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, akaketi mbele ya simu saa kumi kamili. Uso wa Nawej ukatokea. Mama Honorine akafungua kinywa, akasema, "Mu—", na mega zikaisha. Huko Kisenge walibaki na picha ya mwanamke aliyefunua kinywa hadi meno ya nyuma, isiyosogea. Wakaitazama kwa heshima muda mrefu, kisha Nawej akasema kwamba mtoto hawezi kuitwa Mu.

Jumapili ya pili akaja na hila. Alinunua giga nyingine alfajiri, akafunga mtandao mara moja, akaibeba simu kifuani siku nzima kama yai, hata saa kumi ilipogonga akaufungua. Simu ikatetemeka, ikapata moto mkononi mwake, na kabla Kisenge hawajaitika giga yote ilikuwa imekwisha.

Ndipo akamwendea Glodi, muuza mega wa pembeni mwa barabara, mwenye mwavuli mwekundu. "Glodi, mega unaniuzishaka ziko na tundu," akamwambia mbele ya wateja. Glodi akamjibu kwamba mega si maji, mama, haivuji, na kwamba kama kuna tundu basi liko upande wake yeye. Jibu hilo lilimkera wiki nzima, kwa sababu alihisi lilikuwa la kweli.

Ikafika Jumapili ya tatu, siku ya mwisho. Kulipokucha giga mpya aliyoinunua Mama Honorine ilikuwa nzima. Saa nane za mchana zilibaki mega mia nne, naye alikuwa hajagusa kitu. Kununua nyingine hakukuwezekana: Glodi alikuwa amekwenda kusali katika kanisa ambalo ibada yake huisha mchungaji akichoka, na mchungaji wao hachoki. Basi hasira ya mjane ikamwangukia Ezéchiel, mpangaji wake, mchimbaji wa miaka ishirini chini ya ardhi, mwanamume wa makamo aliyekuwa anafua buti zake kwa amani.

"Ezéchiel, weye unalala karibu na ukuta yangu," Mama Honorine akanena, akisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Mi sikuzae mwizi, na sikupangishe mwizi. Mujukuu wangu anaenda kuitwa jina ya mbuzi wa Nawej, na weye unafua buti. Sema kweli. Mega zangu, unazikula?"

Ezéchiel akaweka buti chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile yalimjia.

"Mama, mi niko muchimbaji. Nilipitaka chini ya kanisa, bantu banaimba juu yangu, hata muzee wa kanisa hakusikie. Mi nikiiba, naachaka shimo. Kama njo mi, ungeona shimo. Lakini nakuambia kitu moya: filon, mushipa ya madini, haipoteake bule. Inaenda fasi fulani. Lete simu, tushuke, tufuate."

Basi wakashuka, wawili hao, katika mgodi ule uitwao Paramètres, yaani mipangilio ya simu, ambamo watu wengi wa Kasulo wamewahi kuingia na kutoka wakiwa wamebadilisha lugha ya simu kuwa Kichina. Mimi nilisogeza kamba ya nguo karibu kidogo. Wakapita palipoandikwa sauti, wakapita palipoandikwa betri, wakafika penye orodha ya walaji wa mega, kila mlaji na kiasi chake. Juu kabisa ilikuwa WhatsApp, nao wengine wote wakifuata mbali sana nyuma. Wakaingia humo, wakaona makundi yamepangwa kwa uzito, na la kwanza, zito kuliko yote kwa pamoja, lilikuwa hili: KILIO YA TATA BEYA OFFICIEL.

Wajueni wafu wetu. Tata Beya, kaka mkubwa wa marehemu Mukalay, alizikwa Lubudi miezi mitano iliyopita. Kundi liliundwa kwa ajili ya jeneza na bukari, ugali wa wageni, watu mia moja themanini na watatu, na tangu alipozikwa hakuna aliyethubutu kutoka. Kwanza zilikuja video za maziko, za mbele, za nyuma na za juu ya mti. Kisha mahubiri. Kisha dawa ya kisukari kwa majani ya muhogo, mpira wa Ulaya, ng'ombe mwenye vichwa viwili, na shangazi mmoja wa Lubudi ambaye kila asubuhi huwatakia watu wote siku njema kwa wimbo wa dakika sita. Mimi pia nimo. Sikumjua Tata Beya hata kwa sura; niliongezwa kwa makosa, na sasa nitatokaje?

Mama Honorine akaishika simu mbali na macho yake. "Haiwezekane. Hii kilio nilisha kuifunga kinywa tangu mwezi ya kwanza. Angalia, kengele iko na mustari. Haiseme tena. Mutu wa kufungwa kinywa anakula je?"

"Mama, unamufunga kinywa ya kusema," Ezéchiel akajibu kwa upole. "Ya kulia mega haukuifunge."

Na walipokuwa bado wanatazama, hesabu ikaanza kushuka mbele ya macho yao: mia tatu, mia mbili na kumi, mia na arobaini. Kwa maana siku hiyohiyo, huko Lubudi, ukoo ulikuwa unamimina saruji juu ya kaburi la Beya, na kila mwenye simu alikuwa anaipiga video saruji. Ezéchiel akauzima mtandao kwa kidole kimoja. Zilibaki mega sitini na moja. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Ukifungua tena, zitaingia zote, kama Jumapili ya pili," akasema. "Mama, utoke mu groupe. Ni kubonyeza tu."

Mama Honorine akamtazama mpaka mpangaji akayashusha macho kwenye buti zake.

"Nitoke mu kilio? Miye? Unajua kama Beya alikufa tukiwa na palaba, tunagombana juu ya brouette? Alichukua brouette yangu ya gurudumu moya, hakurudishe, na mi nilisema mambo mbele ya bantu. Nikitoka leo, kesho banasema, munaona, njo yeye alimukula na bulozi, anakimbia. Jeancy, ndugu yetu wa Lubudi, alikuwa anapanguza bunga ku simu, kidole inabonyeza quitter, akatoka. Familia inakaa siku mbili juu yake. Alitoa mbuzi, Ezéchiel. Mbuzi, juu ya kidole. Mi sitoke. Atoke mwenye kuona haya."

Haya, na zisikieni sasa kazi za kidole gumba. Akaichukua simu kutoka mkononi mwa mpangaji wake, kwa kuwa vita vya mtu hupiganwa na mwenyewe, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingia peke yake ndani ya WhatsApp, akishuka ngazi kwa Kifaransa chake cha sokoni, akisoma kila neno kwa sauti kama anayesoma hati ya kiwanja. Akafika penye maneno *téléchargement automatique*, yaani kupakua bila kuulizwa. Hapo akawaona wamesimama, walinzi wanne, kila mmoja na alama yake ya kijani kifuani: picha, sauti, video, hati. Hao ndio waliokuwa wakikifungulia kilio mlango mchana na usiku. Akakumbuka pia aliyewaweka: Gael mwenyewe, siku alipomletea simu hiyo, aliwawashia wote wanne, akasema, "Mama, hivi haukose kitu."

"Mutoto wangu," akasema polepole.

Akambonyeza mlinzi wa picha, alama ikafutika. Akambonyeza wa sauti, ikafutika. Lakini video, jemadari wao, alikataa. Alibonyeza mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Kidole chake kilikuwa na chumvi ya bitoyo ya miaka kumi na minne, na kioo hakikumtambua. Akakilamba kidole, akakifuta kwa kikwembe cha sikukuu, akabonyeza tena, na jemadari akaanguka. Hati ilijisalimisha bila vita. Akainuka na kutaka kufunga, na hapo Ezéchiel akakohoa mara moja na kuelekeza kidevu pale chini, palipoandikwa OK. Akabonyeza OK. Wapo wafalme walioshindwa vita kwa kusahau kidogo kuliko hicho.

Saa kumi kamili akaufungua mtandao. Video za saruji zikaja mbio, kumi na moja, lakini zikasimama mlangoni, miraba ya kijivu yenye mshale na uzito umeandikwa, zikingoja kualikwa. Hesabu ilisema sitini na moja. Ikakaa pale.

Akapiga. Kisenge wakaitika, na Tata Nawej akajaza kioo, suti yake imefungwa vifungo vyote, mbuzi nyuma yake akila kitu.

"Mukwe," akaanza Nawej, "leo njo siku ya tatu, na sisi bantu ya Musumba tuko na sheria yetu tangu bazee, bale balitoka—"

Mama Honorine naye alikuwa na hotuba yake, ya vizazi saba, aliyoifanyia mazoezi mbele ya samaki. Lakini pembeni mwa kioo Ezéchiel alikuwa anainua vidole: hamsini, arobaini na tano. Akaimeza hotuba yote.

"Tata Nawej, unaniona?"

"Nakuona."

"Bantu bananisikia?"

Sauti nyingi zikaitika kwamba wanasikia.

"Mutoto ni Mukalay. Jina yake ni Mukalay." Kisha sauti yake ikapungua, akakisogelea kioo akaita, si kwa Nawej wala kwa bantu, "Mukalay."

Na huko, katika mikono ya Abigaëlle, mtoto akalia. Jina lililokosa mwitikio miaka tisa likaitikiwa, na Malkia wa Bitoyo akalia pia, na Ezéchiel akasahau kuhesabu. Tata Nawej akavua kofia ambayo sisi hatukuwa tumeiona.

"Tunasikia," akasema. "Na uso tunaona. Mbuzi itachinjwa tu, juu iko tayari."

Simu ilipokatwa zilibaki mega thelathini na moja. Nusu saa baadaye Gael, aliyekuwa amepiga video tangu mwanzo, akaituma pale ambapo ukoo wote wa Mukalay umekusanyika, yaani katika KILIO YA TATA BEYA OFFICIEL. Simu mia moja themanini na moja zikaimeza bila kuulizwa, kutoka Lubudi hadi Kisenge, na watu wenye saruji mikononi wakauliza mega zao zimekwenda wapi. Zangu ziliishia hapohapo kwenye kamba, nguo bado mbichi.

Lakini katika simu ya Mama Honorine video ilisimama mlangoni kama nyingine: mraba wa kijivu, mshale, mega ishirini na tisa. Akaitazama, akatazama hesabu yake, akakifuta kidole tena kwa kikwembe, akaubonyeza mshale. Basi na iandikwe katika tarehe ya Kasulo kwamba Jumapili hiyo mega ishirini na tisa ziliondoka kwa mjane wa Mukalay kwa idhini yake, naye akazitazama zikienda moja moja, wala hakumlaumu mtu.