Malalamiko Juu ya Posa ya Chuo cha Sheria

Nizwa, 11 Disemba 1984

Kwa Bwana Hamdun,
Ofisi ya Wanafunzi wa Ng'ambo, Maskati.

Bwana Hamdun,

Asalaam alaykum. Sisi hapa tu wazima, ila moyo wangu, tangu ilipofika fomu yako. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu tumesoma skuli moja Unguja, na kwa sababu Kiarabu changu cha hasira bado hakijatengemaa.

Binti yangu Fawziya anaomba kusoma sheria Marekani. Ofisi yako imempa fomu ya ombi la mapema, ameshaijaza na kuituma, nayo inamfunga: chuo alichokichagua kikimkubali, atakwenda hapo hapo, na kwengine kote alikoomba ajitoe. Kwa heshima zote naomba afunguliwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Hii ni posa, hata ikipigwa taipu. Tena posa ambayo binti ndiye aliyekwenda kubisha hodi. Nimeozesha mabinti watatu, na hakuna hata mmoja aliyemwandikia mtu kwamba akikubaliwa hatatazama pengine.

2. Mwenye binti ndiye anayesubirisha. Mzee Marhoun alipokuja kumposea mwanawe binti yangu Turkiya, nilimjibu kwamba tutafikiri. Akarudi barzani kwangu mara kumi na moja, akanywa kahawa, akaleta halwa, akasifu hata mbuzi wangu, nami bado nafikiri. Moyoni nilikuwa nimeshakubali siku ya kwanza, lakini adabu ni adabu. Subira yavuta heri.

3. Chuo kinataka Fawziya asitazame chengine, na chenyewe kinachukua mia mbili kila mwaka. Sisi mwisho wetu wanne, tena kwa uadilifu. Chuo cha sheria kisichojua hilo kitamfundisha nini?

4. Hawakuja kuuliza habari zake. Wametaka barua za walimu wawili waliomjua miaka mitatu huko chuoni Kuwait. Mimi niliyemjua miaka ishirini na mbili sikuulizwa. Ningewaambia kwamba alipokuwa na miaka tisa ziliibiwa tende za wageni, akasimama kuwatetea dada zake mpaka nikawasamehe wote. Kumbe mwizi alikuwa yeye.

5. Hii ya tano haimo kwenye fomu. Fawziya ni kitinda mimba wangu. Akiondoka, nyumbani nitabaki mimi, mama yake na redio. Naogopa, Bwana Hamdun. Nimeandika kwa kuwa kumwambia mwenyewe sikuweza.

Kwa hayo, nakuomba ukiandikie chuo kwamba ukoo bado unafikiri, na kisubiri kama alivyosubiri Mzee Marhoun.

Nisalimie Bi Kaltham na watoto, na wote hapo ofisini, hata yule bwana wa muhuri asiyeitikia salamu. Mama Fawziya anakusalimia sana.

Ndugu yako mwenye malalamiko,
Sleyum bin Amur

N.B. Kabla sijaitia barua hii posta, jibu la chuo limefika. Hawakumkubali wala hawakumkataa. Wanasema ombi lake ni zuri, na watalifikiria pamoja na ya wengine mpaka Aprili.

Watalifikiria! Wafikiri nini? Binti kama Fawziya? Amejifungia chumbani, hata chai hataki, na mama yake ananitazama kama kwamba jibu nimeliandika mimi.

Basi futa sababu zangu nne za mwanzo, na uanze kwa kuifuta ile methali ya subira. Hiyo husemwa na anayesubiriwa. Ya tano iache, lakini usimwambie Fawziya. Waandikie leo hii kwamba sisi neno letu ni moja na hatutazami pengine. Jumamosi nakuja hapo ofisini kwako, na kama bado wanafikiri, nitarudi Jumapili. Wewe weka kahawa. Halwa nakuja nayo mimi.