Bodi ya Profesa, Lenzi Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Dada, naahidi kukuandikia yote ya wiki hii, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga. Ulipoondoka kwenda chuo cha uuguzi ulilalamika kwamba barua zangu zina adabu nyingi na habari kidogo. Basi hii si barua. Ni shajara, na utaipata Jumapili kwa mkono wa dereva wa basi.

Habari kubwa unaijua. Bibi anauza cherehani. Macho yake hayalioni tena tundu la sindano, na yule msichana ambaye Bibi alimfundisha kushona atakuja kukichukua Jumamosi asubuhi. Uliniomba picha moja tu, ya Bibi akiwa kwenye cherehani chake kabla hakijatoka mlangoni. Nami nikasema ndiyo bila kufikiri. Sasa nahitaji kamera.

Simu haifai. Bibi akielekezewa simu huanza kusalimia. Picha zake zote za simu yuko mdomo wazi, anasema haloo. Kwa kamera ya kweli ameahidi kutulia, maana kamera haina mtu ndani.

Hali ya akiba: inatosha bodi ya mtumba ya kamera ya DSLR, yaani kiwiliwili chake kitupu, au lenzi ya kuivika mbele. Si vyote viwili. Nimesoma kila nilichopata, na wote wanaimba wimbo mmoja: bodi huzeeka, lenzi hudumu. Basi lenzi. Bodi nitaazima kwa Mwalimu wa Fizikia, mlezi wa klabu yetu ya picha. Mtu mkarimu sana.

Kikwazo ni binamu yetu, yule tunayemwita Profesa. Naye ana akiba kama yangu, naye amesoma niliyoyasoma, tena ameyaelewa. Na dukani kwa Mama Lenzi kuna lenzi moja tu ya bei yetu inayofaa. Jioni hii nimevuka ua hadi mlangoni kwao, nikamshauri kama dada kwa dada kwamba lenzi ni kioo tu. Bodi ndiyo kamera. Alinisikiliza kwa makini, akanishukuru. Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumanne, 4 Juni

Dukani kwa Mama Lenzi baada ya masomo. Natamani ungeliona duka lile. Ni upana wa kitanda, na kila rafu ina macho yanayokuangalia. Mama Lenzi hutengeneza saa na kamera, na hushika kila kitu kwa ncha za vidole, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Nikamwomba ile lenzi ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali. Ni kubwa kama chupa ya chai. Ukiishika unajiona mtu mwenye mambo. Mama Lenzi akaniuliza nataka kupiga nini. Nikamwambia: bibi yangu, chumbani kwake. Akauliza chumba kina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa hatua, nikagonga ukuta wa pili kabla sijamaliza.

Akasema, kwa upole, kwamba kwa lenzi ile itabidi nisimame jikoni kwa jirani.

Akanitolea ndogo. Milimita hamsini, haivuti mbele wala nyuma, nyepesi kama andazi. Akanigeuzia, akanionyesha nambari iliyoandikwa mbele: 1.8. Alinieleza kuwa nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, na tundu kubwa hunywa mwanga hata kwenye chumba chenye kiza. Kuhusu mahali pa kusimama, mlangoni patatosha. Nikaichungulia. Ndani mlikuwa na rangi ya zambarau, kama petroli juu ya maji. Nikasahau chupa ya chai kabisa.

Au karibu niisahau.

Nimeilipia. Mfukoni sina kitu, na moyoni sina haja.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya. Nitaiandika haraka.

Asubuhi Profesa amekuja uani na bodi ya kamera shingoni. Nyeusi, imara, imefunikwa mdomo kwa kifuniko cha plastiki. Ameinunua jana jioni kwa Mama Lenzi, baada yangu. Amenishukuru tena kwa ushauri. Alisema bila mimi angenunua lenzi, akajuta. Angekuwa ananikejeli ningejua la kumfanya, lakini alimaanisha kila neno. Hilo ndilo gumu kwa Profesa, hana hila hata ya kupakia kwenye kijiko.

Sikujali. Nilikuwa na Mwalimu wangu wa Fizikia.

Mwalimu alifurahi, akaleta kamera yake, akaitoa lenzi, akanipa bodi mkononi. Nikaweka yangu. Haikuingia. Nikaizungusha. Haikuingia. Nikaisukuma kidogo, na Mwalimu akaomba kamera yake irudi. Alinieleza kwamba kila kampuni ina mdomo wake, na lenzi ya hii kwenye bodi ya ile ni kama mfuniko wa sufuria ya jirani. Nikauliza ni bodi ipi basi inayoikubali lenzi yangu. Akaichunguza, akanitajia aina.

Ilikuwa moja dukani kwa Mama Lenzi. Sasa iko shingoni mwa Profesa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimekuwa nikiuandika msemo huu kwenye insha tangu darasa la tano, na leo ndipo nimeona kina chake.

Alhamisi, 6 Juni

Mkakati mpya: kungoja. Bodi bila lenzi ni jiwe lenye kamba. Profesa atakuja kuniomba, nami nitakubali kwa masharti, la kwanza likiwa kwamba kubonyeza ni kazi yangu. Nikakaa kizingitini kwetu na lenzi pajani. Yeye akakaa kizingitini kwao na bodi pajani. Tukasalimiana. Bibi akapita katikati na ndoo, akauliza kama tunauza.

Mchana jua lilikuwa kali, nikamfuata Bibi kwenye chumba chake cha kazi. Alikuwa amefunga madirisha yote isipokuwa lile dogo la barabarani, na anamalizia pindo la mwisho kwa kupapasa, vidole vikienda mbele ya sindano kama vinavyojua njia. Dada, hatazami. Anasikiliza. Uzi ukikaribia kukatika anajua kwa sauti. Nilisimama pale nikiwa na lenzi yangu isiyo na kazi, nikaona kwamba nisipoipata picha hii nitakuwa nimekunyang'anya kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Nikaielekeza lenzi dirishani, kujifariji tu. Nyuma yake palikuwa na kipande cha shuka jeupe kilichotundikwa ukingoni mwa meza. Nikaiteremsha, nikaisogeza, na ghafla juu ya shuka pakatokea barabara.

Barabara nzima, ukubwa wa kiberiti. Yenye rangi. Na imepinduka, miguu juu. Mwendesha baiskeli akapita akiwa ananing'inia. Mwanamke mwenye kapu akatembea juu ya mbingu.

Nikamwita Bibi. Akainama mpaka pua ikakaribia shuka. Kisha akacheka, kicheko kile cha tumboni, akauliza kwa nini watu wale hawadondoki. Akamtambua muuza maji kwa mwendo wake. Akasema macho yake hayajamwona vizuri hivyo tangu mwaka juzi, na ajabu ni kwamba ilibidi apinduliwe.

Profesa alisikia kicheko, akaja. Alisimama mlangoni na jiwe lake shingoni. Hakuuliza lolote la kamera. Alipiga magoti, akasogeza upande mmoja wa shuka upana wa ukucha, na picha ikawa kali kama imekatwa kwa wembe. Halafu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeigundua dunia.

Nikasahau masharti yote. Nikampa lenzi.

Ilipoingia kwenye bodi ilitoa sauti ndogo. Klik. Sijasikia sauti nzuri kama hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Majaribio. Picha ya kwanza: pua ya Bibi imetoka vizuri ajabu, na Bibi mwenyewe ni ukungu. Ya pili: sikio. Ya tatu ni kitasa cha mlango, hatujui kwa nini.

Profesa akakisoma kijitabu cha maelezo mbele ya taa kama mtu anayesoma wosia. Aligundua kwamba tundu likiwa wazi kabisa, kinachoshika ni kipande chembamba tu, na mengine yote yanayeyuka. Akapeleka nambari kwenye nne. Tukapata pua, sikio na macho, vyote vya mtu mmoja. Tulipigana mikono mabegani kama wachezaji.

Kisha ukaja ugomvi. Nani atabonyeza kesho? Bodi ni yake, na kitufe kiko kwenye bodi. Lakini picha inaingilia kwenye lenzi, na lenzi ni yangu. Tulipeleka kesi kwa Bibi. Alikuwa anakunja vitambaa vyake vya akiba, akatusikiliza bila kuinua uso.

"Kitambaa cha huyu, uzi wa yule," akasema. "Nguo ni ya nani?"

Tukasema ni ya fundi.

"Nendeni mkalale. Nguo ni ya anayeivaa."

Hakutuambia nani atabonyeza. Nimepanga njia yangu. Kesho nitamwambia Profesa kwamba kushika shuka jeupe pembeni, ili mwanga wa dirishani uangukie uso wa Bibi, ndiyo kazi kuu, kubonyeza ni kidole tu. Ataamini.

Jumamosi, 8 Juni

Kabla sijafungua mdomo, Profesa akanipa shuka. Alisema amefikiri usiku kucha. Kushika shuka ndiyo kazi kuu, kubonyeza ni kidole tu, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye jicho, haki ni nishike mimi. Alisema kwa heshima. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Nikashika shuka.

Bibi alikaa kwenye cherehani na gauni lake la bluu, shingo ngumu, mikono magotini. Picha ya kitambulisho. Profesa alisimama mlangoni, mahali hasa alipopasema Mama Lenzi, akangoja. Mimi nikasogeza shuka kidogo, mwanga ukapanda kwenye shavu la Bibi, ukaingia kwenye makunyanzi. Hapo mlango wa nje ukagongwa. Yule mwanafunzi wake amefika.

Bibi hakusema haloo. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha cherehani, pale rangi ilipolika kwa miaka ya kiganja kile kile, akakipapasa mara moja, kama unavyomuaga mtoto anayekwenda shule. Klik.

Moja tu. Profesa hakuhitaji ya pili. Dada, macho yake yako wazi, mdomo umefungwa, na kila mstari wa mkono wake umeshika. Na ule mwanga wa shavuni ni wangu. Ningebonyeza mimi, shavu lingekuwa kiza. Nalikubali hilo hapa, na hapa tu.

Mwanafunzi wake alilia kidogo akikibeba. Bibi alimkumbusha kukitia mafuta, na kumsaidia kushuka ngazi alitutuma sisi wawili. Ni kizito kuliko kinavyoonekana.

Jumapili, 9 Juni

Picha tuliyoichapisha jana jioni imo ndani ya daftari hili, kati ya karatasi mbili. Usiishike kwa vidole vyenye dawa.

Nimejifunza mengi. Hila huzunguka zikakurudia. Bodi na lenzi ni kama binamu, mmoja peke yake ni pambo la mezani. Chombo kidogo kinachokufaa kinazidi kikubwa kinachokupendeza. Nimeyaandika yote kwa wino mwekundu, nikayabandika juu ya kitanda.

Asubuhi Bibi alitupa zawadi ya pesa kutoka kwenye mauzo ya cherehani, sawa kwa sawa. Nikaikumbuka ile chupa ya chai. Bado iko rafuni kwa Mama Lenzi, moja tu. Fikiria ndege! Fikiria mwezi! Nikavuka ua, nikamshauri Profesa kama dada kwa dada kwamba lenzi ndefu ni mzigo, huumiza shingo, na mpiga picha wa kweli hununua stendi ya miguu mitatu. Alinisikiliza kwa makini. Akanishukuru.

Halafu akauliza kesho duka la Mama Lenzi linafunguliwa saa ngapi.

Nimemwomba dereva akungoje usome mpaka mwisho, ili jibu lirudi naye leo hii. Dada, wewe unamjua Profesa tangu mdogo: mtu anayetaka stendi tu anahitaji kuwahi?