Mwaliko wa Tatu Ambao Haukuja

Parokia ya Mtakatifu Walburga,
Minnesota.
Jumatano, theluji ingali magotini.

Kwa Bibi Lurleen Tidwell,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe ya Jumamosi,
Ukumbi wa Chini wa Kanisa.

Mheshimiwa Bibi Mkwe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na mwanao Dustin, ambaye kwa kumwoa mjukuu wangu Corinne ametufanya mimi na wewe kuwa wakwe, heshima ambayo bado naizoea polepole. Mimi pia ni mzima, ukiacha goti. Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu Jumapili ile tuliyozungumza mlangoni mwa kanisa nimekuwa nikikaa karibu na simu, na mtu aliyekaa karibu na simu haandiki vizuri, kwa kuwa kila mara huinuka kuhakikisha kwamba haijakatika.

Niruhusu nikukumbushe mazungumzo yetu, kwani huenda huko Texas ulikotoka hayana uzito mkubwa. Ulisema, "Mzee Leander, Jumamosi usikose, tunamfanyia Corinne sherehe ya kabla ya kujifungua." Nikasema, "Ahsante sana, Bibi, lakini mimi nitawajazia nafasi tu." Ukasema, "Nafasi gani, mzee? Wewe njoo ule keki." Nikasema, "Hapana, hapana, msijisumbue kwa ajili yangu." Ukasema, "Haya basi, kama hutaki." Kisha ukaenda kwenye gari lako.

Nilibaki pale na kofia mkononi, mdomo ukiwa umeshafunguka kusema, "Basi, nitakuja, lakini nitakaa kidogo tu."

Huku kwetu, Bibi Mkwe, mtu hukataa mara mbili ili aliyemwalika kwa adabu tu apate mlango wa kutokea. Mara ya tatu hukubali, tena kwa kunung'unika kidogo ili asionekane ana njaa. Nilipomposa marehemu mke wangu, Bernadine, alikataa mara mbili. Nilimuuliza mara ya tatu nikiwa nimeshavaa koti la kuondoka, na ndiyo maana Corinne yupo duniani.

Naye Corinne alinipigia simu. "Babu, mama mkwe kaniambia umekataa kuja. Nimekukosea nini?"

"Sijakataa, mama," nikamwambia. "Nimesema hapana tu."

"Sasa si ndiyo kukataa huko? Njoo basi."

"Nisingependa kuwasumbua."

"Haya babu, mimi nimechoka, miguu imenivimba. Usipotaka usije."

Utaelewa kwamba mwaliko wa mtu mmoja haujumlishwi na wa mtu mwingine. Wako umefika wa pili, wake umefika wa kwanza na nusu. Hata hivyo, hilo silo ninalolilalamikia. Ninayoyalalamikia ni haya yafuatayo, nami nayapanga kwa namba kwa sababu masista wa misheni walionifundisha kuandika walituambia kuwa lalamiko lisilo na namba ni kelele.

1. Mtindo wa sherehe. Nimearifiwa kwamba ukumbi utapambwa kwa namna ya wachunga ng'ombe wa Texas: marobota ya majani makavu, maputo yenye sura za farasi, na kila mgeni avae kofia pana. Bibi Mkwe, katika wilaya hii ng'ombe hukamuliwa, hafukuzwi. Nimekamua maisha yangu yote na sikuwahi kumkimbilia ng'ombe nikiwa juu ya mnyama mwingine. Ng'ombe wa maziwa akishtuliwa huyaficha maziwa yake hadi kesho. Sitaki kitukuu wangu wa kwanza aingie duniani akidhani ukoo wake ulijipatia riziki kwa kugombana na mifugo. Na zile kofia ni za kuchekesha.

2. Vibanio vya nguo. Inasemekana kila mgeni atabandikwa kibanio cha nguo kifuani, na atakayelitaja lile neno, yaani jina la kawaida la kiumbe anayefanyiwa sherehe, atanyang'anywa na aliyemsikia. Hii ni kuwafundisha watu wazima uporaji ndani ya nyumba ya parokia. Isitoshe, mchezo wenyewe ni mwepesi mno. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika barua hii nzima sijalitaja neno hilo, wala sitalitaja, na sijapata shida yoyote.

3. Karatasi ya chooni. Kila mgeni ati atakata kipande cha karatasi ya chooni anachokisia kuwa kitalizunguka tumbo la mama mtarajiwa, kisha akamzungushie mbele ya watu. Haifai. Nimepima vifua vya mitamba kwa kamba tangu ujana, lakini faraghani, na kwa idhini ya mitamba. Siku ile Corinne aliposhuka garini nilikisia bila kukusudia, na kipande hicho ninacho mfukoni. Sitasema ni cha urefu gani, kwa kuwa mashindano hayajaanza.

4. Mikebe isiyo na majina. Wageni watafungwa macho na kulishwa vyakula laini vya vichanga ili wataje ni kitu gani. Ili nisilalamikie nisichokijua, nilikwenda dukani nikanunua kila aina. Msichana wa pale akaniuliza, "Babu, una mgeni mdogo nyumbani?" Nikamjibu, "Ni uchunguzi." Akasema, "Meno yakirudi utatuambia." Namsamehe. Njegere na maharage mabichi hutofautishwa kwa harufu. Boga hujifanya karoti, lakini huacha utamu nyuma ya ulimi. Ile ya plamu, ambayo hulainisha tumbo, niliirudia kwa ajili ya uhakika, na siku iliyofuata sikutoka nyumbani. Lalamiko langu ni kwamba mtu asiyejiandaa anaweza kuaibika, jambo ambalo kwangu mimi haliwezekani tena.

5. Mbio za nepi. Nasikia watapewa mwanasesere wamvalishe nepi, na wa kwanza kumaliza atazawadiwa mshumaa. Haraka ya namna hii huzaa uzembe. Nilijaribu kwa lile paja la nguruwe nililoliweka kwa ajili ya Pasaka. Paja halirushi mateke, nakiri, lakini ni zito, lina mafuta, na halishirikiani na mtu. Jirani yangu Bwana Urban Ritter aliingia bila kubisha hodi, akasimama akitazama, kisha akasema, "Leander, unaonaje nikikuitia daktari?" Nikamwomba ashike upande wa mfupa. Tulilivalisha na kulivua hadi nepi zikaisha, na sasa naliweza kwa mkono mmoja.

6. Kamba ya kitanzi. Hapa uvumilivu wangu unafika mwisho. Wageni watasimama mbali na kurusha kamba ya kitanzi ili wanase kigari cha kusukumia kichanga. Leo kigari ni kitupu. Kesho kitakuwa na mtu ndani. Kiumbe atakayetambua kwamba kabla hajazaliwa tayari jamaa zake walikuwa wakifanya mazoezi ya kumkamata, atatuamini vipi? Atakataa kuoga. Atakataa shule. Akifika umri wa kuoa au kuolewa atakimbia kila kamba, pamoja na ile ya ndoa, na ukoo wetu utakatikia kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, juu ya marobota ya majani, mbele ya wapishi.

7. Kwa kuwa dosari hizi ni nyingi mno kurekebishwa kufikia Jumamosi, naomba kwa unyenyekevu sherehe iahirishwe. Na kwa kuwa sherehe ya namna hii haina budi kutangulia uzazi, uzazi nao uahirishwe. Nilimuuliza Padre kama Kanisa lina utaratibu wa kulisaidia hilo. Akaniambia, "Mzee Leander, hayo yamepita mamlaka yangu. Kwa nini usiende tu ukale keki?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyenialika. Akasema, "Basi mimi nakualika." Nikamwambia asijisumbue. Naye yuko kwenye wa kwanza.

Ikiwa uzazi hauahirishiki, naomba basi ukumbi uhamishwe. Najua umechimbiwa chini ya kanisa, na kwamba kanisa litalazimika kuufuata. Lakini dirisha la jikoni kwangu linatazamana na ngazi zake, na vicheko vya watu walioko chini ya ardhi hupanda juu kuliko vya watu wengine. Jumamosi nitakuwa mezani pangu, nikisikia mtu akikosea njegere na kuziita maharage, wala nisiweze kumsaidia.

8. Nilidhani nimemaliza. Kuna suala la keki. Katika ukumbi ule kipande cha mwisho hakiliwi na mtu. Hukatwa nusu, nusu ile ikakatwa nusu, hadi kinabaki kitu ambacho ndege angekidharau, na kila mtu husema ameshiba. Mimi na Bernadine tulikuwa tukikigawana, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukiinua uma kwa pamoja, hivyo hakuna aliyekula cha mwisho. Tangu aondoke, sinia hurudi jikoni na kile kipande. Sijui Kamati imepanga nini kuhusu hili. Silioni kwenye ratiba.

Naamini utayapima haya kwa moyo ule ule mwema uliokufanya unialike mara mbili, ilhali watu wengi wa mbali huishia mara moja. Nisalimie Dustin, na umwambie ngazi za ukumbi zinateleza upande wa kushoto. Nisalimie Corinne na miguu yake. Wasalimie wanakamati wote, akina mama wa jikoni, na yule mbwa wako ambaye jina lake sikulishika vizuri.

Nabaki mkwe wako mtiifu, na naomba radhi kwa urefu wa barua,

Leander Pohlkamp

Nyongeza: Baada ya kuisoma tena naona huenda nimekuwa mkali. Sherehe iendelee. Michezo yote ibaki, hasa ile ya nepi. Kama itatokea mtu yeyote akanialika tena, Jumamosi sina shughuli. Kofia pana nimeshanunua. Inanibana masikio, ila Bwana Ritter anasema inanipendeza, na yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Tena, kifuani nimejibandika kibanio kimoja kutoka kwenye kamba ya Bernadine ya kuanikia nguo. Mtoto. Mtoto wa Corinne. Haya, nimelitaja, na kwa maandishi. Kibanio sasa ni haki yako, nami sina njia ya heshima ya kukukabidhi isipokuwa mkononi mwako, mbele ya mashahidi, mahali ambapo mchezo unachezwa.

Barua hii inaletwa na Bwana Urban Ritter mwenyewe, akiwa kwenye gari lake la kusukuma theluji. Nimemwagiza angoje jibu. Utamkaribisha kahawa na atakataa. Utamkaribisha tena na atakataa tena. Nakusihi, Bibi Mkwe, usifunge mlango.