Wadudu Thelathini na Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Muuguzi amekuja asubuhi, amepima presha, amenyamaza. Muuguzi akinyamaza, mgonjwa huhesabu siku. Moyo wangu umechoka na sitaki kuingia kaburini na mzigo wa siri. Kwa hiyo daftari hili. Nitaungama kila kitu, bila kujipamba.

Kwanza, mambo yalivyo. Mjukuu wangu ametengeneza mchezo wa kompyuta, peke yake, miaka mitatu, katika chumba cha nyuma. Unaanza na kiumbe mdogo bwawani. Kila kizazi unachagua jambo moja la kuwarithisha watoto wake: mguu, jino, mkia, jicho. Kisha kiangazi kinakuja kuchambua. Anayebaki ndiye anayezaa. Lengo ni kufika kizazi cha mia. Jumamosi wanakuja wageni wawili wa kampuni inayosambaza michezo. Wakiupenda, utachezwa dunia nzima. Wasipoupenda, mjukuu amesema atarudi kupokea simu katika ofisi ya bima, kazi iliyomfanya aache kuimba bafuni.

Ametuomba tuujaribu, mimi na shemeji. Mimi nimefundisha baiolojia miaka thelathini na minne. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, ni fundi cherehani mstaafu anayeamini popo ni ndege aliyekosa adabu. Tunaishi naye tangu msiba. Mtu mwema. Anakoroma.

Mjukuu ametuasa: tukiona mdudu yeyote, hata mdogo, tumwandikie. Alipo, anafanya nini, ametokeaje. Nikamwambia hapo amefika kwa mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekabidhi ripoti. Kurasa kumi na moja. Wadudu thelathini na saba, pamoja na idadi ya miguu, aina ya mabawa, na mchoro wa kereng'ende kwa penseli. Mjukuu akasoma ukurasa wa kwanza, akavuta kiti, akakaa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kwamba kwa watu wa kazi yake mdudu ni kasoro iliyojificha ndani ya mchezo. Kitu kinachokwenda kombo. Akiambiwa kipo, anakitafuta na kukiondoa. Kereng'ende, akasema, ni mzuri sana, na yumo kwa makusudi.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, mbona chawa hukuwahesabu?" Tangu hapo naitwa Bwana Mdudu.

Mimi nimebaki na neno moja tu. Kukiondoa.

Maana kiumbe wangu, Mwanazuoni, amekufa kizazi cha nne. Miguu mirefu, macho mawili, ubongo mkubwa. Kisayansi hana dosari. Ubongo ulimaliza chakula chote, akafa njaa akitafakari. Wa shemeji anaitwa Bonge na yuko kizazi cha sitini na moja. Hana macho. Hana shingo. Kiangazi kizima analala kwenye tope, mvua ikinyesha anaamka, anazaa, anarudi kulala. Nikamuuliza shemeji siri yake. Akasema kitambaa kikiwa kidogo, punguza mifuko.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kompyuta iko juu ya meza ya cherehani ya zamani ya shemeji, na kanyagio bado iko chini. Shemeji akicheza huikanyaga kwa mazoea, tika tika tika. Nikashuku ndiyo inayomsaidia. Alipokwenda kunywa chai nikaifunga kwa kamba ya pajama yangu. Alirudi, akakuta imegoma, akavua viatu, akacheza hivyo hivyo. Kizazi cha sabini na nne. Mimi nimeshinda nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Muuguzi ameuliza kama tumbo linauma.

Hata hivyo kuna neema. Mwanazuoni wa Pili amefika kizazi cha ishirini na mbili. Ametaga mayai pembeni ya tope. Sikulitilia maanani hilo.

Baada ya chakula cha mchana nimeandika ripoti fupi. Mdudu: tope la bwawani linatunza maji kupita kiasi wakati wa kiangazi. Kisayansi haiwezekani. Pendekezo: likauke. Nikatia saini na cheo changu, Mwalimu Mkuu Msaidizi Mstaafu, nikaipitisha chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Dakika kumi baadaye mjukuu akaja kunibusu kipaji cha uso. Akasema ana bahati kuwa na mtaalamu nyumbani.

Busu hilo linaniwasha mpaka sasa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Tope limekauka. Bonge amekufa kabla ya saa sita. Shemeji akakaa mikono mapajani kama mtu aliye kituoni na basi limeshaondoka. Hakunitania. Alikunywa chai bila sukari na hakugundua. Nilitarajia kufurahi. Nikajaribu kufurahi. Haikuja.

Saa kumi Mwanazuoni wa Pili naye akaniaga. Mayai yake, kumbe, yalikuwa yakianguliwa kwa unyevu wa tope. Kisha samaki. Kisha majani. Hadi jua linatua bwawa lilibaki na konokono mmoja asiye na malengo.

Mjukuu amejaribu mara ishirini. Hakuna anayepita kizazi cha kumi. Amebadilisha mambo arobaini tangu jana na hajui lipi limeharibu. Anayapitia yote, moja moja, isipokuwa la tope. Hilo, amesema, lilipitishwa na mtaalamu.

Zimebaki siku mbili. Anamtafuta mdudu nyumba nzima ikimsikia akihema. Mdudu yuko chumba cha pili, anakula mkate laini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ukumbi una hatua kumi na mbili. Nimepumzika mara mbili. Nimeingia chumba cha nyuma na kusema yote nikiwa nimesimama, kama wanafunzi wangu walivyosimama. Tope halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa wivu. Mtu aliyesoma alishindwa na mtu anayepunguza mifuko.

Hakufoka. Ingekuwa nafuu. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia muuguzi siku hizi ananyamaza. Nikamwambia nilitaka kuacha ukoo mmoja unaoendelea kuishi, hata kama ni huko ndani ya kioo, na nilitaka uupite wa shemeji.

Akauliza, "Na mimi je, Babu? Mimi ni kizazi cha ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Sikufika mwisho, na si kwa sababu ya hesabu.

Shemeji alikuwa mlangoni. Nikasubiri tusi nililostahili. Akasema alijua tangu siku ya kamba. Humu ndani ni mimi tu ninayefunga fundo la kialimu: maelezo mengi, halishiki kitu. Kisha akachuchumaa, magoti yakalia, akanifunga pajama yangu kwa kamba ile ile. Akasema dada yake alimwachia kazi hiyo na hakumwambia ni ya muda gani.

Kabla ya chakula cha mchana tope lilikuwa limerudi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wageni wamekuja. Mama mwenye miwani kichwani na bwana mwenye mafua. Shemeji alivaa koti aliloshona kwa harusi yangu, nami lile alilonishonea. Bwana akatengeneza kiumbe wa miguu mirefu na ubongo mkubwa. Akafa kizazi cha nne. Nikajisikia si mpweke tena duniani.

Kiumbe wa yule mama akateleza topeni kwa bahati mbaya. Akabaki humo. Kizazi cha thelathini. Cha hamsini. Mama akaanza kucheka peke yake na kukataa kumwachia mwenzake kiti. Akauliza wazo la tope lilitoka wapi. Mjukuu akajibu, bila kunitazama, kwamba babu yake ni mwalimu wa baiolojia na alifanya jaribio la siku nzima kuthibitisha kwamba bila tope uhai unakoma.

Huo ni ukweli. Nilikaa wima kidogo.

Wameuchukua mchezo. Shemeji akawaonyesha picha ya Bonge, nao wameomba yeye ndiye awekwe kwenye jalada.

Jioni mjukuu ameimba bafuni. Vibaya, kama bibi yake. Shemeji akazima redio ili asikie.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeungama, nimesamehewa, moyo mwepesi. Nimeapa mbele ya mjukuu kwamba sitaingilia kazi yake tena. Muuguzi amepima presha na kusema imeshuka, neno zima, kwa sauti. Kisha shemeji akaingia, akabandika picha ya Bonge ukutani mbele ya kitanda changu, akatoka. Muuguzi akapima tena. Akanyamaza.

Nimemsamehe shemeji. Kweli kabisa. Hili lililobaki ni la kisayansi tu.

Mdudu wa thelathini na nane. Alipo: kwenye jalada. Ukubwa: kupita kiasi. Kasoro: hana shingo. Pendekezo: aondolewe, nafasi yake ichukuliwe na kiumbe mwenye miguu mirefu na uso wa kisomi.

Nitaipitisha chini ya mlango shemeji akienda kuoga. Nilitaka na kamba ya pajama pia, niifunge kanyagio kwa tahadhari. Fundo la shemeji limekataa kufunguka. Nimemwomba muuguzi mkasi, nikamwambia ni wa kukata kucha.