Jackton Andati na Kikombe cha Mama Rispa

Naapa kwa kitambulisho changu, kwa pensheni yangu na kwa meno yangu sita yaliyosalia: haya nitakayosema ni kweli tupu, na asitokee mtu wa kuyapunguza.

Sogeeni basi, enyi watu wa mtaa wa Tena, nanyi wa mtaa wa Umoja mliosimama mkijifanya mnapita tu. Zimeni redio, fungeni mabomba, msikie jinsi Jackton mwana wa Andati, Fundi wa Saa, Mtuliza Mishale, aliyeitumikia karakana ya reli miaka thelathini asipoteze hata nati moja, alivyokikabili kikombe kimoja cha chai, na jinsi kikombe kile kilivyosalimu amri.

Adui wa Jackton alikuwa sukari; si ile ya dukani, bali ile ya damuni. Ilimwingia kimya kimya, ikapiga kambi, na katika mwaka wa pili ikaanza kuyatia ukungu macho yake. Asubuhi moja aliiinamia saa ya mama mmoja, akaitafuta skrubu ndogo kama chawa, akaona skrubu mbili, zote zikiogelea. Akaweka kibano chini. Hakumwambia mtu, lakini alijua: fundi wa saa asiyeona ni mzee tu aliyekaa kibandani.

Hata hivyo alikuwa na hila yake ya vita. Siku tatu kabla ya kliniki alijifunga kibwebwe: sukuma wiki, maji, mlango uliofungwa kwa kisingizio cha mafua, na uso wa mfiadini. Ndivyo alivyofanya safari hii pia. Kipimo cha asubuhi kikatoka kizuri, naye akaingia kwa Daktari Kavata akitembea kama jemadari anayekuja kuvishwa nishani.

Lakini Daktari Kavata, mdogo wa umbo na mkubwa wa subira, alishika karatasi nyingine, ya kile kipimo kinachosoma miezi mitatu kwa mpigo.

"Mzee wangu," akasema, "leo damu yako ni malaika. Lakini hii inasema miezi mitatu yote ulikuwa kumi nukta moja. Huyu malaika amezaliwa Ijumaa?"

Jackton akasimama, mkono kifuani. "Ewe Daktari! Mimi niliyelala njaa siku tatu, niliyeipa kisogo chapati ya jirani ikininukia dirishani, mimi ndiye wa kushtakiwa na karatasi?"

"Keti, baba. Hakuna kesi hapa. Dawa unameza?"

"Asubuhi na jioni. Sijaruka."

"Na chai ya nyumbani?"

"Mke wangu aliificha sukari tangu Pasaka. Hata wageni wanalia."

"Basi nisimulie Jumapili yako. Kuanzia kuamka. Usiruke kitu."

Hilo Jackton hakuwahi kuulizwa. Huko nyuma aliambiwa "acha sukari," kisha akaitwa mwingine. Akajikuta anafunguka. Yeye alikuwa mwenyekiti wa jumuia, zile familia zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Jumapili walizuru nyumba nne, Jumatano mbili, na msiba ukitokea, kila jioni. Na katika kila nyumba chai hutoka kwenye chupa ikiwa imekwisha kuchemshwa, majani na maziwa na sukari kitu kimoja, na mkono wa mama anayepima upendo kwa vijiko. Ukikataa, umesema nyumba ni chafu, au umewashuku uchawi. Mwanajumuia mmoja, Willis, alikataa kwa Mama Rispa miaka mitatu iliyopita. Hadi leo mama yule humsalimia kwa kumwangalia viatu.

Daktari hakucheka wala hakukunja uso.

"Macho nitakuandikia yapimwe wiki hii," akasema. "Dawa endelea nazo. Lakini huku kufunga siku tatu uache. Ukiwa na njaa na dawa ndani yako, siku moja utaanguka barabarani. Na sikwambii uache kila kitu leo, maana kufikia Jumatano utakuwa umevirudia vyote. Tuanze na nyumba moja. Ipi ngumu kuliko zote?"

"Kwa Mama Rispa," akanong'ona, kama mtu anayetaja ngome.

"Tukiiteka hiyo?"

"Nyingine zitafungua malango zenyewe."

Ndipo Daktari akavuta karatasi ya kuandikia dawa, akaandika, akapiga muhuri, akautazama, akapiga tena.

Jumapili ikafika, jumuia nzima ikajazana sebuleni kwa Mama Rispa. Na Rispa Awiti alikuwa nani? Alikuwa karani wa baraza la jiji miaka ishirini na tisa, Malkia wa Masijala, aliyewahi kumrudisha bosi wake mlangoni kwa kukosa sahihi. Kikombe kikaletwa kimejaa hadi ukingoni, kikifuka kama mzinga uliokwisha kulia. Jackton akainuka.

"Mama Rispa, mlinzi wa faili elfu! Sikuja kwa dharau. Nimekuja kwa maandishi."

"Haiya!" Winny akanong'ona kutoka kochi la nyuma. "Mzee ameleta barua ya chai?"

"Ameogopa kuwekewa kitu," akasema Githinji, na watu wakaficha vicheko ndani ya vitabu vya nyimbo.

Mama Rispa akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kwa mwenye nyumba. Mgonjwa huyu apewe chai isiyo na sukari, kikombe kimoja. Akiyaacha mandazi, asisemwe."

Akaigeuzia karatasi dirishani.

"Tarehe ipo. Sahihi ipo. Muhuri unasomeka." Akamtazama Jackton juu ya miwani. "Nakala yangu iko wapi?"

"Ni... ni hiyo moja tu, mama."

"Basi inabaki hapa. Nitaifungulia faili."

Akaenda jikoni, na sufuria ikasikika ikiwekwa motoni.

Jackton akakipokea kikombe kipya kwa mikono miwili. Funda la kwanza lilimvamia kwa ukali wa majani matupu, ulimi ukarudi nyuma safu mbili. La pili likamkuta amejipanga. La tatu akagundua kwamba maziwa nayo yana utamu wake, uliokuwa umefunikwa miaka sitini. Akakimaliza, akakiinamisha watu wote waone kitako chake.

"Mama Rispa," akasema Githinji polepole, hacheki tena, "hiyo karatasi, hata mimi naweza kuipata?"

Tangu siku hiyo, iitwayo Jumapili ya Chupa Mbili, kila nyumba ya jumuia huweka mezani chupa ya pili, isiyo na sukari, shingo imefungwa uzi mwekundu. Miezi mitatu baadaye karatasi ilisema nane nukta mbili. "Bado tuna mlima wa kupanda," akasema Daktari Kavata, lakini alisimama kumpa mkono. Na Jackton akarudi kibandani, akainamia saa, akaona skrubu moja, nayo imetulia.

Nami, nisiyependa kujisifu, nilikuwa ubavuni mwake siku ile. Nilikunywa isiyo na sukari kama yeye, tena vikombe viwili, nikiwa nimekwisha kupimwa na kupongezwa na Daktari mwenyewe...

"Hebu simama hapo, Mzee Naftaly."

Sikujua kwamba Mama Rispa alikuwa nyuma ya wasikilizaji wangu, saa yake mkononi.

"Kikombe chako kisicho na sukari ulikimwaga kwenye maua yangu. Nilikuona. Kisha ukaja jikoni kuniomba ile ya kawaida. Na kupimwa, umepimwa lini?"

"Mama, hiyo ni sehemu ya..."

"Mwaka gani?"

Watu wa Tena, mliokuwa wangu dakika moja kabla, mlicheka hadi mkashikana mabega.

Jumatatu saa mbili nilikuwa kwenye benchi la kliniki. Daktari Kavata akanishika kidole, akakipangusa kwa pamba.

"Leo asubuhi umekunywa nini, mzee?"

Nilikuwa na hadithi nzuri tayari, yenye maji moto na ndimu. Lakini Mama Rispa alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani.

"Chai," nikasema. "Vikombe viwili. Vijiko vinne kila kimoja."

"Asante," akasema Daktari, na sindano ikaingia.